Santuri au CD: ipi yenye sauti safi?

Kwa vipimo, CD inashinda bila ubishi. Hubeba sauti kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1, hivyo nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa hufikia desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 96 hivi. Santuri nzuri huishia karibu 70. Chini ya hapo ni mvumo na mikwaruzo.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Santuri huzunguka kwa kasi ileile, lakini mzunguko wa karibu na lebo ni mfupi kuliko wa ukingoni, kwa hiyo mawimbi ya sauti yaliyochongwa kwenye mfereji wa santuri hubanana na sindano hushindwa kuyafuata. Ndiyo maana "s" za mwimbaji hukwaruza kwenye wimbo wa mwisho.

Mbona basi santuri husifiwa? Mara nyingi ni kazi ya studio: CD nyingi tangu miaka ya 1990 zimepandishwa sauti kupita kiasi, ngoma zikapoteza mdundo. Hapo toleo la zamani la santuri hunoga kweli.

Uzito ambao sindano huulaza juu ya santuri ufuate maelekezo ya kiwanda, kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2. Ikiwa nyepesi mno, huyumba na kuharibu kuta za mfereji. Na bila priamplifaya ya fono, yaani kifaa kinachokuza sauti dhaifu ya sindano na kuirudishia besi, usitarajie besi.