Nimeongeza springi kwenye Leyland DAF ya jeshi: uzoefu wangu

Lori lenyewe ni Leyland DAF T244, lilitoka jeshi la Uingereza, usukani kulia, linavuta tairi zote nne. Kabla ya chochote nililipaka rangi nyeupe, maana kijani kile barabarani kinaleta maswali. Injini ni Cummins 6BT ya lita 5.9, na vipuri vyake Gerezani, hapa Dar es Salaam, havijanisumbua. Shida ilikuwa mzigo. Jeshi lililipangia tani 4. Mimi napeleka tofali Goba na Madale, ambako masika lori za kuvuta nyuma tu zinaishia njiani zikichimba matope. Nilitaka tani 7.

Nikaelekezwa gereji moja Tabata. Fundi springi akalizunguka mara moja: "Bosi, tunakuongezea majani matatu kila upande nyuma, kazi imeisha." Majani ni vile vyuma bapa vinavyopangwa kuunda springi. Shilingi 900,000, siku tatu. Zikawa tisa. Majani yenyewe, niseme ukweli, yalipindwa vizuri, yamelaliana bila uwazi. Ila walirudishia yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zile zile za zamani. Springi ikishanenepa, yubolti fupi inabaki na nyuzi chache za kushika nati. Sikuangalia. Nikalipa nikaondoka.

Wiki ya pili, tukitoka Boko na tofali 260, utingo alishuka kununua maji. Nikasogeza gari mbele kidogo, nikasikia anapiga bodi. "Kaka, simama! Mbona gari linatembea upande kama kaa?" Yubolti zimelegea, senta bolti (ile inayopita katikati ya majani na kuishika ekseli mahali pake) imekatika, ekseli upande wa kushoto imerudi nyuma vidole viwili. Gereji walirekebisha bila kunitoza, lakini yubolti mpya ndefu nilinunua mwenyewe. Nilizikaza tena baada ya safari chache za kwanza, na zililegea kweli, si sana.

Hapo ndipo nikaanza kusoma tairi. Ubavuni mwa tairi zangu, saizi 12.00R20, kuna namba 154/149, za uwezo wa kubeba. Ile ya kwanza ni ya tairi inayokaa peke yake: 154 maana yake kilo 3,750. Nyuma ninazo mbili tu, si nne, kwa hiyo ekseli inaishia kilo 7,500, uongeze majani matatu au kumi. Nikalipeleka lori likiwa tupu kwenye mizani ya yadi ya vyuma chakavu: nyuma kilo 2,900. Tofali langu la inchi 6 likikauka lina kilo 27. Nilipopakia 200, mizani ikasoma 7,200 nyuma. Tani 7 zangu zikafia hapo.

Breki nazo fundi springi hakuzigusia kabisa. Kushuka mlima wa Goba na zile 260, harufu ya kuungua iliingia hadi ndani ya kebini. Fundi mwingine alibadilisha lainingi na kurekebisha breki za tairi zote nne, na bili yake ilizidi ya springi.

Springi zimekuwa ngumu, kwa hiyo likiwa tupu sasa linarukaruka, taa ya kulia imeshadondoka mara moja. Ningeanza upya, ningeweka springi za kusaidia, zile zinazogusa mzigo ukishashuka tu.

Kazi ya majani naipa nyota nne, ushauri nyota moja. Mteja akitaka tofali 300 namwambia safari mbili. Wengine wananuna.