Mwaka mmoja wa theolojia Cambridge: chumba nyota mbili, maktaba nyota tano

Nimeulizwa sana na vijana wa usharika kama kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kunalipa, kwa hiyo najibu kama mteja yeyote aliyetoa pesa yake. Mimi nimezaliwa Arusha, nikahamia Minneapolis nikiwa darasa la tatu, na pasi yangu ni ya Marekani. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kiingereza, Jumapili kanisa la Kilutheri. Uzamili wa theolojia nimeumaliza juzi tu, na mabegi bado hayajafunguliwa yote.

Nianze na chumba, maana ndicho kilichonitesa.

Minnesota baridi tunaijua. Januari inaweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri na watu wanakwenda kazini kama kawaida. Lakini baridi ile inabaki nje ya mlango. Ukiingia ndani unavua koti, unavaa fulana, unakula aiskrimu ukitaka. Cambridge nje ni nyuzi sita tu juu ya sifuri, si kitu. Halafu unafungua chumba chako unaikuta imeshatangulia, imekaa kitandani inakusubiri. Hita ya ukutani inaendeshwa na saa iliyofungwa mahali nisipopajua: inawaka alfajiri, inazima saa tatu asubuhi, inarudi saa kumi na moja jioni. Anayeandika insha saa sita mchana hayumo kwenye hesabu. Niliwaandikia ofisi ya majengo ya chuo changu, ambacho sitakitaja. Walijibu baada ya siku tisa, kwa adabu nyingi, wakanishauri nivae sweta.

Sinki lina koki mbili zilizoachana kama mtu na mtalaka wake. Moja inatoa maji ya kuunguza, nyingine maji ya barafu, na wewe uso wako uko katikati. Nilinawa kwa kikombe mwaka mzima. Mashine za kufulia ndizo sitaki hata kuzikumbuka: unaweka pesa kwenye programu ya simu, mashine inakata pesa, ya kukaushia inazunguka saa nzima na jinzi zinatoka zimelowa vilevile. Baiskeli niliyonunua mtumba iliibwa wiki ya tano.

Kilichoniokoa ni ile chupa ya mpira ya maji ya moto unayolala nayo, yenye koti la sufi. Mwingereza aliyekuwa jirani yangu ndiye aliyenionyesha. Nikamcheka, nikasema hiyo ni ya bibi wa miaka themanini. Usiku wa pili nilikwenda kuinunua.

Gharama za kuingia, kwa wanaopanga bajeti: mbali na ada na viza, kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na unayalipa kabla hata hujajua kama viza itatoka. Nililalamika sana. Kisha Novemba kifua kikanibana, nikaenda kwa daktari, nikapimwa, nikainuka nikisubiri kuelekezwa kwa keshia. Hakuna keshia. Dukani nikalipa pauni 9.90 za dawa, basi. Mtu aliyezoea bili za hospitali za Marekani anatoka pale anatembea polepole, anageuka nyuma, akidhani ataitwa.

Kiingereza chenyewe kilinisumbua kuliko nilivyotegemea. Bawabu wa langoni alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Uko sawa?" Kimarekani swali hilo unaulizwa ukiwa umepauka au umetoka kulia. Wiki mbili nzima nilikuwa namweleza: sijalala vizuri, ndege ilichelewa, tumbo. Maskini alikuwa anatikisa kichwa akishika funguo zake. Ndipo ikaniingia akilini kwamba ile ni "Mambo?" tu, na jibu lake ni "Poa" huku unapita. Mswahili ndani yangu alielewa, Mmarekani ndiye aliyekuwa mzito.

Lakini kuna neno moja, "quite", ambalo hata Mswahili hakunisaidia. Marekani, mwalimu akiliweka mbele ya "nzuri", anamaanisha nzuri sana. Uingereza linamaanisha nzuri kiasi, nzuri ya kuvumilika. Msimamizi wangu aliniambia hivyo kuhusu insha yangu ya kwanza, nikampigia mama simu usiku uleule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mwalimu amesifu insha yangu."

"Bwana asifiwe. Amekupa ngapi?"

Alama zilikuja Ijumaa: 61. Kwetu Marekani 61 ni ya kufichia karatasi. Nilikaa kwenye benchi karibu na mto Cam nikiwa na maandazi mawili mkononi na sikuweza kula. Baadaye nikaambiwa huku daraja la kwanza linaanzia 70, na 61 ni ya mtu anayejitahidi. Mama hajaamini mpaka leo.

Ufundishaji wenyewe naupa nne na nusu. Unaandika, unakaa na msimamizi mkiwa wawili tu, na anakuuliza swali moja la upole linalobomoa kurasa saba. Hakuna pa kujificha nyuma ya wenzako. Muhula una wiki nane tu za masomo na zinakwenda kama treni, hivyo ukiugua wiki moja umepoteza moja ya nane.

Ibada ya jioni katika kanisa la chuo cha King's ni bure. Mchana watalii wanalipa kiingilio, jioni unapanga foleni, unaingia, unakaa. Jengo lilianzwa mwaka 1446 na kazi ya mawe ikamalizika 1515, na dari lake la mawe limefunguka kama pepeo nyingi zilizopangwa. Wavulana 16 na vijana wa sauti za chini wanaimba, na wewe unanyamaza. Hapo ndipo nilipopata shida. Mimi nimelelewa na kwaya, mtu akiimba vizuri unamsaidia, unapiga makofi, mama mmoja anapiga vigelegele kule nyuma. Hapa ukikohoa tu unageukiwa. Nilipomwambia mama kwamba ibada nzima ni chini ya saa moja, alisema, "Hayo ni matangazo, ibada inaanza saa ngapi?"

Nilirudi mara ya pili, ya tatu, mwishowe nikawa naenda siku tatu kwa wiki. Kuna jambo niliona nikiwa nimekaa pembeni. Kuta za upande ule zimejaa mataji na waridi za kifalme zilizochongwa kwenye mawe, ukubwa wa sinia, ili kila anayeingia ajue nani alitoa pesa. Na katikati ya mataji hayo, jioni, watoto wanaimba wimbo wa Mariamu: "Amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi." Wanaimba vizuri mno, wala hakuna anayeshtuka. Insha yangu ya mwisho ilianzia hapo.

Sasa maktaba. Hii peke yake ningelipia.

Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu ina mnara wa matofali unaoonekana kutoka kila upande, kama kiwanda. Ilifunguliwa 1934, na aliyeichora ndiye aliyechora vile vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza. Vitabu vingi viko wazi kwenye rafu na unajichukulia mwenyewe, lakini vimepangwa hata kwa ukubwa, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo, hivyo vitabu viwili vya somo moja vinaweza kukaa mbali kama ndugu waliogombana. Nilipotea mara nyingi. Begi unaliacha kabatini, vitu vyako unabeba kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani.

Humo ndimo ilimohifadhiwa maktaba ya Chama cha Biblia cha Uingereza, yenye tafsiri za lugha nyingi mno. Februari nikaomba Agano Jipya la Kiswahili la zamani, kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa. Chumba cha vitabu adimu hakina mchezo: kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Kitabu kinaletwa kama mtoto mchanga, kinalazwa juu ya mto wa sponji, na kurasa zinashikiliwa na mnyororo mdogo uliovikwa kitambaa ambao wenyewe wanauita nyoka. Nikafungua Yohana.

"Muungu". U mbili. Nililisoma kwa sauti ya chini, na lilitoka kwa matamshi ya bibi yangu mzaa mama, wa Tanga, aliyekuwa analivuta hivyohivyo akiomba kabla ya kula. Darasani nilikuwa nikifundishwa theolojia kama kitu kilichotoka Ujerumani kikapitia Uingereza. Na njia yangu ya kila siku ilipita mbele ya ukumbi wa Senate House, alikohutubia Livingstone Desemba 1857, hotuba iliyozaa misheni iliyomleta Steere pwani yetu. Nimepita pale miezi mitano nikiwaza jinzi zangu mbichi.

Mhudumu akaja akaniuliza kwa kunong'ona kama niko sawa. Safari hii nadhani alimaanisha swali lenyewe. Nikamwambia poa.

Kwa anayekwenda: omba chumba kinachopata jua la kusini, na uombe mapema, kwa maandishi. Adapta ya umeme nunua kabla ya safari. Desemba kunaanza giza kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo taa za baiskeli ni lazima, na kufuli lisiwe la bei rahisi kama langu. Maduka makubwa Jumapili yanafunguliwa kwa muda wa saa sita tu, usitoke kanisani ukidhani utapata mchele jioni. Wa kwangu niliupata duka la Mbengali, barabara ya Mill Road, na unga wa ugali pia, ingawa si kila wiki.

Ile chupa ya maji ya moto nimemwachia binti wa Kikenya aliyechukua chumba changu. Nimemwambia ajaze robo tatu tu, akijaza zaidi inavuja kwenye kifuniko.