MoCA ama Cat6: ukiwa Nairobi uchukue gani?

Unataka kufikisha intaneti chumba kingine kwa waya: Cat6 ni waya ya mtandao ya kawaida, MoCA ni teknolojia ya kupitisha intaneti kwa waya ya TV (koaksia). Hili swali haliishi na kusema ukweli inategemea nyumba. Bei, Cat6 inashinda mbali sana, unashuka Luthuli Avenue unakatiwa mita unazotaka. MoCA unahitaji adapta mbili, hazipatikani kila duka na si bei ya kucheza nayo. Lakini MoCA inatumia waya ya TV iliyo ukutani tayari, hakuna kutoboa, na landilodi wengi hawataki kusikia drili.

Spidi zote zinatosha nyumba: Cat6 gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila wasiwasi, MoCA toleo la 2.5 inafika gigabiti 2.5 ka waya ni poa.

Shida iko kwa matengenezo. Cat6 ikisumbua mara nyingi ni plagi ya mwisho, fundi anakata anafunga upya, kwisha. MoCA inataka subira: ka hiyo waya bado inaleta signali ya dishi zitagongana, juu dishi inatumia masafa ya 950 hadi 2150 MHz na MoCA kawaida iko 1125 hadi 1675, hapo katikati kabisa. Angalia pia splita (kile kidude cha kugawa waya ya TV), ikiandikwa 5-1000 MHz itoe, haifiki masafa ya MoCA. Alafu unganisha adapta zote mbili na kawaya kafupi, taa ya koaksia ikiwaka basi adapta ni nzima, tafuta ugonjwa ukutani.

Umepanga fleti na waya ya dishi imekaa bure? Chukua MoCA. Unajenga Ruiru ama Kitengela? Pitisha Cat6 kabla ya plasta.