Kimbunga kilivunja uzio wangu, ECP ikanirudishia gharama: uzoefu wangu

Nafuga mbuzi kwenye ekari 18 mashariki mwa Georgia, Marekani. Wateja wangu wengi ni Wakenya wenzangu wanaokuja kuchagua mbuzi wa harusi na wa Krismasi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2024 kimbunga Helene kilitupitia. Kulipopambazuka nilikuta misonobari imelalia uzio, nguzo zimeng'oka na udongo wake, mbuzi 14 wako barabarani.

Jirani yangu mwenye ng'ombe ndiye aliyenitajia ECP, mpango wa dharura wa kurekebisha mashamba yaliyoharibiwa na majanga, unaoendeshwa na FSA, idara ya huduma za wakulima chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Nilikuwa sijawahi kuusikia, na nina hakika wengi wetu tunaofuga huku hatuujui.

Kwanza mjue hizi si pesa za kugawiwa. Unatengeneza, kisha serikali inakurudishia sehemu ya gharama: hadi asilimia 75, na hadi 90 kwa mwenye kipato kidogo au aliye chini ya miaka 10 kwenye kilimo. Mimi nilianza 2020, nikaingia kwenye hiyo 90. Halafu wana viwango vyao vya bei. Nilitumia dola 8,000, zikakubaliwa 7,200, nikalipwa 6,480. Kwangu hizo ni pesa nyingi mno. Bila hizo ningeuza majike.

Kosa langu lilikuwa siku ile ile ya kwanza. Nilishika msumeno nikakata miti yote upande wa barabara, nikaivuta, nikaichoma, bila kupiga picha hata moja. Nani angeacha mbuzi wagongwe na magari? Lakini afisa wa FSA alipokuja na gurudumu lake la kupimia, upande ule alikuta majivu tu, na haukuingia kwenye hesabu. Upande wa msituni nilikuwa sijaugusa. Pale alipima futi kwa futi, akasimama kila penye nguzo iliyovunjika, akaandika. Kwa hiyo ndugu zangu, piga picha kwanza, hata kama mikono inatetemeka. Fika ofisi ya FSA ya kaunti yako mapema, uulize kama unaweza kuanza kazi kabla hawajaja kukagua.

Baada ya ukaguzi, maombi huenda kwa kamati ya kaunti, ambayo huchaguliwa na wakulima wenyewe. Kungoja kunachosha, sitaficha. Miezi yote hiyo niliwafunga mbuzi kwa kamba asubuhi na jioni, na mke wangu akawa anawahesabu kwa taa ya gari. Kilichotuokoa ni malipo ya awali: ukiomba, unaweza kupewa hadi asilimia 25 kabla ya kuanza kazi, na una siku 60 za kuzitumia. Nilipata dola 1,620, nikanunua wavu na nguzo zote za upande wa msituni.

Kazi ya mikono yako nayo inahesabiwa, mradi umeiandika. Mimi niliweka daftari ndani ya trekta: tarehe, saa niliyoanza, saa niliyomaliza, mafuta. Risiti nilizitia kwenye mfuko wa plastiki, maana wino wake hufutika upesi kwenye joto la huku.

Usitegemee kujengewa kitu bora kuliko ulichokuwa nacho. Mpango unarudisha hali ya zamani. Nilitaka uzio mrefu zaidi, tofauti nikailipa mwenyewe. Mbuzi wawili walioangukiwa na mti hawakuhusika kabisa na ECP. Mifugo iliyokufa ina mpango wake, LIP, wenye fomu zake na muda wake, na nyumba nayo huulizwa kwingine.

Ukiwa bado hujasajili shamba lako FSA, nenda wiki hii na karatasi zako za umiliki au za kukodi. Mimi nilisajili baada ya kimbunga, nikiwa na matope kwenye viatu, na hiyo peke yake ilinila siku mbili nilizozihitaji shambani.