Bando likikata, wimbo unabaki? Njia za kupata muziki, kuanzia ninayoipenda hadi ya kukwepa

Mwaka jana nilipanda basi la Dar kwenda Mbeya nikiwa na nyimbo zaidi ya mia mbili kwenye simu. Kufika Mikumi, mtandao hakuna. Nafungua programu, inaniambia malipo yangu ya mwezi yamekwisha, na nyimbo zote zimefungwa. Kijana niliyekaa naye alikuwa na kitochi chenye memori kadi. Huyo alisikiliza singeli mpaka Uyole. Tangu hapo, kabla sijatoa hela kwa ajili ya muziki, najiuliza kama wimbo utabaki bando likikata.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa njia ya kununua faili lenyewe. Mahali ninapopaamini zaidi ni Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao. Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, waliotoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso mwaka 2017, wanauza kazi zao hapo. Ukishalipa, unapakua MP3 au FLAC (faili kubwa lisilopunguzwa ubora wa sauti), unaihamishia kwenye kompyuta, flashi au redio ya gari, na hakuna atakayekuja kuifunga. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili, na ukitoa ada ya malipo, kinachobaki kinakwenda kwa muuzaji. FLAC usiikimbilie: wimbo wa dakika 4 unaweza kufika MB 30, wakati MP3 ya kbps 320 ni kama MB 10. Kwa spika za masikioni za barabarani hutasikia tofauti, labda masikio yako yawe ya fundi mitambo.

Taabu yake ni mbili. Malipo ni kwa kadi au PayPal, kwa hiyo wa M-Pesa itabidi utengeneze kwanza kadi ya mtandaoni. Halafu bongo fleva nyingi zinazopigwa kwenye daladala hutazikuta. Kwa nyimbo za kwaya, wala usihangaike na mtandao: subiri ibada iishe, ununue flashi au CD mlangoni kwa wanakwaya wenyewe.

Ya pili ni Mdundo, huduma ya kupakua nyimbo mtandaoni, na hapa najua nitabishiwa, maana ni bure. Lakini bure si lazima iwe wizi. Mdundo ilianzia Nairobi mwaka 2013, na mwaka 2020 hisa zake zikaingia soko la Copenhagen. Matangazo ndiyo yanayolipa, na wasanii hupata mgawo. Unachopakua ni MP3, kwa hiyo hata kitochi kinaipiga. Mgawo wa msanii kwa kila wimbo ni mdogo, hilo nalikubali. Ndiyo sababu haikushika namba moja.

Kulipia kwa mwezi programu za kusikiliza muziki, kama Boomplay na Spotify, nimekuweka nafasi ya tatu. Boomplay ilianza mwaka 2015 na wengi tuliikuta tayari imo kwenye simu za Tecno. Spotify ilifungua milango Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Ni njia nzuri kwa mtu anayetaka kila kipya kinachotoka na mwenye Wi-Fi ya ofisini. Ila elewa kwamba umeazima. Spotify ya kulipia hukutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua havipigi. Ile ya bure haikupi kabisa nafasi ya kupakua nyimbo. Programu ikiwa na malipo ya siku au wiki, anza na hayo.

Skiza ya Safaricom ya Kenya, ule wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea, siipi nafasi. Unalipa wewe, anayeburudika ni anayekupigia.

Mwisho kabisa ni tovuti za kupakua zisizo na ruhusa ya msanii, pamoja na vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini hata ukiiweka pembeni, hasara inakurudia wewe. Kibanda kimoja kilinirudishia kadi ikiwa na virusi, na picha za harusi ya dada yangu zikageuka mafaili yasiyofunguka. Kwenye tovuti hizo, kitufe kikubwa cha kupakua mara nyingi ni tangazo. Faili likiishia na .apk, huo si wimbo, ni programu ya simu; lifute bila kulifungua. Hata MP3, ikiwa ni ya dakika 4 lakini haifiki MB 1, ama imekatwa ama itasikika kama redio iliyotumbukia kisimani. Na ukurasa ukikuomba namba ya simu ili upakue, funga. Kama umeshaijaza, wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako leo hii, uulize umeunganishwa na huduma gani za kukatwa salio, wakuondoe.