Dau nililolinunua mara mbili: mwaka mmoja na "Si Neno"

Nilipolikuta, lilikuwa na rangi mpya ya buluu, hata harufu yake haijatoka. Hapo ndipo nilipotakiwa nishtuke. Lakini mimi ni mwalimu wa skuli, maisha yangu nimeyamaliza na chaki. Nikaona buluu ile, na jina "Si Neno" limeandikwa omoni, yaani mbele, kwa herufi zilizolala upande, nikasema basi, hili langu. Dau la dhiraa 12, mlingoti wa mvinje, foromali ya kutundikia tanga, tanga lenyewe, nanga na kamba zake. Muuzaji alitaka milioni mbili, tukaachana kwenye 1,900,000. Nikarudi nyumbani najiona mjanja kwa laki moja ile.

Watu wananiuliza kama wanunue dau lililokwishatumika au wasubiri waundiwe jipya. Nimeshakaa na langu kaskazi moja na kusi moja, yaani mwaka mzima, naweza kusema.

Dau lilikuwa limepandishwa mchangani kwa miezi. Mbao zikikaa juani hunywea, na chombo kikirudi majini lazima kivuje siku mbili tatu, mpaka mbao zivimbe zibanane. Muuzaji alinieleza hivyo, na ni kweli tupu, ndiyo maana alinipata. Siku ya tano nilikuwa bado nafua maji, kuyatoa chomboni, kwa nusu ya dumu la mafuta ya kula, na mwanangu wa darasa la sita ananihesabia. Alipofika themanini akaacha kuhesabu, akaanza kunitazama.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja wa pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mzee wa makamo. Rangi hakuitazama kabisa. Alichukua msumari wa inchi nne, akainama, akawa anaudukuadukua kwenye maungio ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba dau zima. Mahali pa tatu msumari ulizama kama umechomwa kwenye muhogo uliochemka. Kisha akaingia ndani, akagonga sakafu kwa kisigino cha tezo, shoka lake la kuchongea. Mwenye dau wa mwanzo alikuwa amemwaga saruji juu ya mataruma, yaani mbavu za dau, yaliyooza, akaipaka rangi.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe umeuziwa rangi. Dau utalinunua kwangu."

Na kweli nililinunua kwake. Mataruma manne mapya, mbao tatu za ubavuni, kalafati, yaani kuziba maungio, dau zima: 1,350,000, kazi na mbao pamoja. Jipya la kipimo hicho hicho, fundi huyu aliniambia angeliniundia kwa milioni nne. Kwa hiyo nimeokoa laki saba na nusu, na nimepoteza usingizi ambao sikuupigia hesabu.

Kazi yenyewe sina cha kuilaumu. Kwa taruma hakukubali mti ulionyooka ukatwe kwa msumeno mpaka upate mpindo, kwa sababu nyuzi za mti zinakatika, na siku dau likipigwa na wimbi taruma linapasuka hapo hapo. Alitafuta matawi yaliyopinda yenyewe. Misumari ya zamani ilikuwa ya chuma kitupu, imekula kutu ikavimba na kupasua mbao. Aliing'oa yote, akaweka iliyopakwa zinki. Kila tundu alilitoboa kwanza kwa keke, na kila kichwa cha msumari akakizungushia pamba yenye mafuta kabla ya kukigongelea. Kwenye maungio alishindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, na chini, sehemu inayokaa majini, akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Juu akamalizia kwa sifa, yaani yale mafuta ya papa. Sifa nyingine nampa mimi, ila hiyo ya papa mpaka leo inanuka kwenye gari la shemeji yangu.

Tatizo lake ni muda. Aliniahidi wiki tatu, zikawa tisa. Simu hapokei, ukimfuata pwani unamkuta, tezo mkononi, kwenye jahazi la mtu mwingine. Sehemu ya ucheleweshaji naikubali, kwani dau hupandishwa na kushushwa kwenye bamvua, yaani maji yanapojaa sana, na bamvua ikikupita unangoja kama wiki mbili maji yajae tena vya kutosha. Lakini zilitupita mbili. Ya pili alikuwa harusini.

Tanga nililopewa lilikuwa la turubai. Jepesi, likilowa hukauka upesi, na kwa mtu wa haraka linatosha. Upepo ukiwa mdogo halikai na tumbo, linapigapiga tu. Nimeshona jingine la marekani nzito, kitambaa cha pamba. Likilowa ni zito kama godoro, na ukilikunja bichi linaota ukungu, lakini kwenye upepo hafifu unalirushia maji, nyuzi zinavimba, na dau linaanza kwenda.

Na linakwendaje? Mwezi wa Januari, kaskazi nyuma yetu, tulitoka Nungwi kwenda Mkokotoni kama tumesukumwa na mtu, kisiwa cha Tumbatu kiko kuliani, chai kwenye chupa haijapoa. Mwezi wa Juni safari ile ile ilikuwa kubisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, tangu asubuhi mpaka alasiri. Mkuku wake si wa kina, kwa hiyo kila ukibisha linateleza pembeni, na unachopata mbele nusu unakirudisha. Kupindua tanga kunataka watu watatu: wa kana ya usukani, wa demani, ile kamba ya tanga, na wa kuzungusha foromali mbele ya mlingoti. Tulijaribu wawili. Kofia yangu ya kiua ikabaki baharini, na mwanangu ana kovu dogo kwenye nyusi analoonyesha wenzake kwa fahari.

Matunzo usiyapuuze. Kila baada ya miezi miwili hivi tunalipandisha na kulichoma chini kwa makuti makavu, tuwaue wadudu wanaotoboa mbao, kisha deheni upya. Siku nzima hiyo.

Kama unalitaka la kununua kwa mtu, mpeleke fundi kabla ya kupeleka hela, mpe elfu hamsini yake, na saruji ukiiona ndani geuza urudi kwenu. Fundi wangu namrudia bila wasiwasi, ila ningemwambia nataka dau Ramadhani ili nilipate Idi.

Mwezi uliopita yule muuzaji alipita pwani, akalizunguka "Si Neno", akalisifu sana. Akaniuliza kama naliuza. Nikamtajia bei. Akainama, akaomba msumari.