Jeli ya klorheksidini ya kupaka kitovu: nani ainunue, na aiweke wapi

Jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1, ile inayopakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, ni miongoni mwa dawa chache ambazo ningependa kila familia inayotarajia mtoto iwe imezifahamu kabla ya uchungu kuanza, hata familia ambayo mwishowe haitaihitaji. Nimeitumia kwa mjukuu wangu hapa pwani ya Kenya, nimeona majirani wakiitumia vizuri na wengine vibaya, na nimefuatilia kwa muda mrefu yale ambayo watafiti wamegundua juu yake. Tathmini yangu ni kwamba dawa yenyewe ni nzuri, kifungashio chake ni kibaya, na manufaa yake hutegemea sana ni kitu gani ambacho watu wa nyumba hiyo wangekipaka pale kitovuni kama jeli isingekuwepo.

Kitovu kikishakatwa, kipande kinachobaki kwa mtoto ni nyama isiyo na uhai tena, na mishipa iliyokuwa ikipitisha damu kati ya mtoto na kondo la nyuma huchukua siku kadhaa kabla ya kuziba kabisa. Katika siku hizo bakteria wakitua pale, wanayo njia ya kuingia mwilini. Dalili za mwanzo huonekana kwa macho: wekundu unaotoka kwenye shina la kitovu na kusambaa kwenye ngozi ya tumbo, uvimbe, usaha, harufu mbaya. Lakini maambukizi yanaweza kuingia katika damu haraka kuliko watu wazima wanavyotarajia, kwa sababu kinga ya mtoto wa siku tatu bado ni changa kama yeye mwenyewe. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28, na maambukizi ya bakteria ni moja kati ya sababu kuu za vifo hivyo, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Klorheksidini si dawa mpya. Hospitali zimeitumia kwa miongo mingi kusafishia ngozi kabla ya upasuaji, na madaktari wa meno huwapa wagonjwa wasukutue kinywa. Jipya ni kipimo chake na matumizi yake kitovuni. Mnunuzi anapaswa kusoma lebo kwa makini hapa, kwa sababu namba zake huchanganya hata wauzaji: klorheksidini diglukonati ya asilimia 7.1 ndiyo hiyohiyo inayotajwa kwingine kuwa klorheksidini ya asilimia 4, kwa kuwa namba ya kwanza inahesabu chumvi nzima ya dawa na ya pili inahesabu klorheksidini peke yake. Dawa ya kusukutua kinywa ni nyepesi mno kwa kazi hii. Sabuni ya hospitali ya kunawia mikono, ambayo nayo ina klorheksidini, ina viungo vingine ambavyo havikukusudiwa kitovu cha mtoto. Niliwahi kupewa moja ya hizo dukani, na muuzaji alikuwa amenihakikishia kwa nia njema kabisa kwamba zote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Bei ya jeli yenyewe katika maduka ya dawa niliyoulizia si ya kumtisha mtu wa kipato cha kawaida, na haihitaji friji, jambo ambalo ni faida kubwa kwa nyumba nyingi.

Kuipaka ni rahisi. Mpakaji ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, anaipaka jeli kwenye ncha ya kitovu, kisha kwenye kipande chote, kisha kwenye ngozi inayokizunguka shina lake, halafu anaiacha ikauke bila kufunika na bila kufuta. Nepi hukunjwa ikae chini ya kitovu. Mpako wa kwanza unafaa uwe siku ileile ya kuzaliwa, na kwa kawaida huendelea mara moja kwa siku hadi mwisho wa wiki ya kwanza. Jeli hii haina mafuta na haichafui nguo. Wazazi waambiwe mapema kwamba kitovu kinachopakwa klorheksidini hukawia kuanguka kwa siku moja hivi au mbili zaidi ya kile kilichoachwa kikavu, kwa sababu nimeona bibi mmoja mwenye mapenzi makubwa akianza kutafuta dawa nyingine kwa wasiwasi kwamba kitovu “kimegoma”. Na mtoto njiti, ambaye ngozi yake ni nyembamba sana, asipakwe bila ushauri wa daktari.

Sasa nije kwenye swali la kama inafanya kazi, ambalo ndilo lenye mengi. Jaribio lililoipa dawa hii sifa lilifanyika wilaya ya Sarlahi kusini mwa Nepal na matokeo yake yalitoka mwaka 2006: katika vijiji ambako watoto walipakwa klorheksidini, vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 24, na maambukizi makali ya kitovu yalikuwa pungufu kwa asilimia 75. Mwaka 2012 majaribio ya Pakistan na Bangladesh nayo yalionyesha kwamba maisha ya watoto yanaweza kuokolewa kwa njia hii. Mwaka huohuo tume ya Umoja wa Mataifa iliiweka klorheksidini katika orodha ya bidhaa 13 za kuokoa maisha ya wanawake na watoto, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto, na mwaka 2014 likapendekeza ipakwe kila siku katika wiki ya kwanza kwa watoto wanaozaliwa nyumbani katika maeneo yenye vifo vingi vya watoto wachanga.

Halafu zikaja habari kutoka kwetu. Pemba, kisiwa ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu huko, iliandaa jaribio lililohusisha watoto takribani 37,000, na Mkoa wa Kusini wa Zambia jingine lililozidi hapo, yote mawili yakitoa matokeo mwaka 2016. Hakuna kati ya hayo lililoonyesha kwamba klorheksidini ilipunguza vifo kwa kiasi cha kuaminika, ikilinganishwa na kukiacha kitovu kikiwa safi na kikavu. Wapo waliosema basi dawa imeshindwa. Mimi naona majaribio haya yalitufundisha jambo la maana kuliko ushindi wowote. Pemba na Zambia vifo vya watoto wachanga tangu mwanzo vilikuwa vichache kuliko Nepal na Pakistan za wakati ule, wanawake wengi zaidi walikuwa wakijifungulia katika vituo vya afya, na familia zilizokuwa upande wa kulinganishwa zilifundishwa kutopaka kitu. Huko Sarlahi, kinyume chake, karibu kila mtoto alizaliwa nyumbani na mafuta ya haradali yalikuwa yakipakwa kama jambo la kawaida. Dawa ya kuua bakteria huwa na kazi pale ambapo bakteria wanaletwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliupitia upya mwongozo wake kwa mantiki hiyohiyo: kitovu kiwe safi na kikavu kwa watoto wote, na klorheksidini itumike katika wiki ya kwanza pale tu ambapo vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha wanyama, hupakwa kwa kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kuipa dawa hii nyota, ni lazima tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu. Majivu, mate, tope, unga, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno: vyote hivi bado vinapakwa kwenye vitovu vya watoto katika kanda yetu, na wanaovipaka si watu wabaya wala wajinga. Ni bibi, shangazi na wakunga wa jadi ambao walikabidhiwa mtoto na wanaona kidonda mbele yao. Kumwambia mtu wa namna hiyo “usipake kitu” ni kumtaka akae na mikono mitupu mbele ya jambo analoliona la hatari, na wengi hawawezi. Wengine huitikia kliniki, “ndiyo, sista”, kisha mambo huendelea kama zamani mlango ukishafungwa. Hapo ndipo jeli inapostahili sifa. Inampa bibi kitu cha kupaka. Inamwachia heshima yake na nafasi yake katika wiki ya kwanza ya mjukuu wake, huku ikiliondoa jivu pale lilipokuwa. Nepal walilielewa hili mapema, wakaifanya jeli iwe mrithi wa desturi ya kupaka badala ya kupigana nayo, na wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini wakaipeleka hadi kwa akina mama wajawazito. Nimeona jambo hilohilo kwa udogo wake nyumbani kwetu, ambako aliyekuwa na shaka zaidi na dawa za dukani ndiye aliyeishia kuwa mlinzi mkali wa saa ya kupaka.

Upungufu wake mkubwa ni kifungashio, na hapa siwezi kulegeza maneno. Tyubu niliyouziwa ilikuwa ndogo, ya bati, nyeupe, yenye maandishi membamba ya Kiingereza na mdomo mwembamba uliochongoka. Katika chumba kilekile cha kujifungulia, mtoto huyohuyo hupakwa dawa ya macho ya tetrasaiklini siku ya kwanza, nayo hutoka katika tyubu ndogo yenye mdomo mwembamba uliochongoka. Ukiziweka mezani pamoja usiku, kwenye mwanga hafifu, mtu aliyechoka hawezi kuzitofautisha. Klorheksidini ya asilimia 7.1 ikiingia jichoni huunguza. Kuanzia mwaka 2015, katika nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya watu 40 waliripotiwa kudhurika macho vibaya, wengine hadi upofu, kwa kutiwa dawa hii kimakosa. Aina ya maji, inayouzwa katika vichupa vya kudondoshea, ni ya hatari zaidi kwa sababu kichupa hicho machoni mwa kila mtu ni cha dawa ya macho au masikio. Ningemshauri yeyote asiinunue kabisa.

Makosa haya si ya mama wala ya muuguzi peke yake. Dawa inayopelekwa kwa watu wasiosoma Kiingereza, ipakwe usiku, na mikono inayotetemeka kwa usingizi, ilipaswa kubuniwa kwa kuwafikiria watu hao. Inawezekana: kampuni ya GSK ilitengeneza jeli kama hii katika pakiti ya gramu 3 ya kutumika mara moja na kutupwa, ambayo Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali mwezi Aprili 2016 kwa matumizi ya nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya. Pakiti ya kurarua haifanani na dawa ya jicho. Na picha kubwa ya kitovu upande mmoja, jicho lililopigwa msalaba upande wa pili, pamoja na sentensi mbili za Kiswahili, haviongezi gharama ya kumshinda mtengenezaji. Mpaka hapo, mnunuzi ajilinde: tyubu ya kitovu ifungwe ndani ya mfuko wake, iwekwe chumba tofauti na dawa nyingine zote za mtoto, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuishika. Ikitokea imeingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi na mtoto apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama litapona.

Jambo jingine ambalo lebo hailisemi ni mipaka ya dawa yenyewe. Jeli hulinda mlango mmoja tu. Kuna bakteria ambao mtoto huwapata njiani akizaliwa, na kuna wanaoingia kwa mikono, kwa vifaa au kupitia mapafu, na hao jeli haiwagusi. Mtoto aliyepakwa vizuri kila siku bado anaweza kuugua. Akikataa kunyonya, akilegea, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta hewa, akipata degedege, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi au mwili ukipoa isivyo kawaida, apelekwe kituo cha afya saa ileile. Tiba ni sindano za antibayotiki hospitalini. Na pale ambapo familia haiwezi kabisa kufika hospitali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliruhusu kituo cha karibu kumtibu mtoto asiye mahututi kwa sindano za jentamisini na amoksisilini ya kunywa. Baadhi ya majaribio yaliyosaidia kuufikia uamuzi huo yalifanyika Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nalitaja hili pia kwa ajili ya familia ambazo mtoto wao aliugua au hakupona. Nimesikia mama akiulizwa matangani, mbele ya watu, kama aliipaka dawa ya kitovu. Swali hilo halina msingi wa kitabibu na linaumiza bila sababu. Wahudumu wanaoigawa jeli wangefanya jambo jema kuieleza familia nzima, tangu mwanzo, kwamba si kila maambukizi huanzia kitovuni.

Kwa hiyo nani ainunue? Anayetarajia kujifungulia nyumbani au mbali na kituo, anayerudi kwenye nyumba ambayo anajua wazi kwamba kitovu kitapakwa kitu atake asitake, na mkunga wa jadi anayeitwa usiku: hawa wawe nayo kabla ya mwezi wa tisa wa ujauzito, na yule atakayeipaka ndiye afundishwe, si mama peke yake. Kwao naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano inashikiliwa na tyubu. Aliyejifungulia hospitali, ambaye nyumbani kwake hakuna anayegusa kitovu na maji na sabuni vipo, hatakosa kitu kikubwa bila jeli. Afuate maelekezo ya kituo chake, akiache kitovu kikavu, na fedha hiyo aiweke iwe nauli ya kumrudisha mtoto kliniki kati ya siku ya pili na ya tatu, wakati muuguzi anapokiangalia kitovu kwa macho yake mwenyewe.